Tulizungukia nyumba zote, hakuna aliyeweka hata gata: safari ijayo tuipange vipi?

Swali: Kikundi chetu cha vikoba hapa Usa River kina watu 28. Mwaka jana tulitenga Jumamosi moja tukazungukia nyumba za wenzetu. Mmoja ana mtambo wa biogesi, mmoja ana tanki la maji ya mvua, mmoja analima mboga kwenye magunia, mmoja ana sola, na mmoja anapikia jiko la presha la umeme na kikapu cha kutunza joto. Tulifurahi, tukala pilau, tukaagana. Mpaka leo hakuna aliyefanya chochote kwake. Mwaka huu tunataka kurudia. Tufanye nini ili watu watoke na kazi mkononi, na kwenye kila nyumba tuangalie nini hasa?

Jibu:

Dada, pilau halina kosa. Kilichokosekana ni namba. Mgeni akikuta tanki jeusi limesimama pembeni ya nyumba anaona pesa za mwenzake, maji hayaoni. Hajui bati la ukubwa gani ndilo linalolijaza, hajui lilikauka mwezi gani, wala fundi alirudi mara ngapi kuziba koki. Anarudi nyumbani akisema "wenzetu wamejaliwa," na habari inaishia hapo.

Basi safari ya mwaka huu iwe ya kupima. Bebeni mizani ya jikoni ya kilo 5, mizani ya kuning'iniza ya kilo 50 (wauza mahindi wanazo), tepu ya mita 5, kipimajoto cha kupikia kinachofika nyuzi 110, ndoo ya lita 10 na daftari. Na wiki nne kabla ya siku yenyewe, kila mwenyeji aanze kuandika: wa biogesi aandike kilo za samadi alizolisha na saa ambazo moto uliwaka, wa tanki apime kimo cha maji kila Jumapili, wa jiko la umeme asome uniti za LUKU asubuhi na jioni, wa magunia ahesabu mafungu aliyochuma, wa sola aandike saa ambayo taa zilikufa, kama zilikufa. Mwenyeji asiyekuwa tayari kuandika msimlaumu, ila msipeleke watu kwake.

Siku nzuri ni Jumamosi ya mwisho wa Agosti au ya kwanza ya Septemba. Masika yamekwisha Mei, tanki limechotwa miezi mitatu, kwa hiyo kimo cha maji hakidanganyi. Tena kutoka hapo hadi vuli kuanza, mwisho wa Oktoba au Novemba, kuna kama wiki nane za kununua gata na kumwita fundi. Mkizunguka Aprili mtakuta matanki yote yamejaa hadi shingoni, hata lile lililowekwa ovyo.

Watu 28 kwenye nyumba moja ni wengi, nusu watasikiliza na nusu watapiga soga getini. Gawanyikeni makundi mawili ya watu 14. Wote mkutane saa 2 asubuhi kwenye nyumba ya jiko la umeme na kikapu, mwanzie hapo pamoja, kisha kila kundi lizungukie nyumba nne zilizobaki kwa mpangilio wake, dakika 40 kila nyumba, mrudi jikoni saa 7 mchana. Mwenyeji aongee dakika 10, zilizobaki ni za kufungua mifuniko na kupima.

Jikoni, saa 2 asubuhi

Chakula cha mchana ndicho kiwe jaribio. Usiku wa kuamkia siku hiyo lowekeni maharage ya gunia moja, gramu 800 kwa kila chombo mara tatu. Asubuhi mwageni maji ya kuloweka, wekeni maji mapya kiasi kilekile kote. Sufuria ya kwanza ipikwe kwa mkaa tangu mwanzo hadi mwisho. Ya pili ichemke kwa mkaa kisha iingie kwenye kikapu. Ya tatu iingie kwenye jiko la presha la umeme.

Mkaa upimwe kabla ya kuwasha. Sufuria ikishaiva, makaa yaliyobaki yatiwe kwenye debe la bati na kufunikwa yazimike, kisha yapimwe tena. Tofauti ndiyo mkaa uliotumika. Pigeni bei kwa kilo, siyo kwa kopo, maana kopo la mkaa lina vumbi na nafasi wazi kuliko mnavyodhani. Kwa umeme, zimeni kila kitu kingine ndani ya nyumba, someni uniti kabla na baada. Kwa gramu 800 tarajieni takriban nusu uniti. Zidisheni kwa bei ya uniti mliyolipia, ila msichukue risiti ya ununuzi wa kwanza wa mwezi, kwa sababu hiyo imekatwa kodi ya jengo na itawaonyesha uniti ni ghali kuliko ilivyo.

Sufuria ya kwanza inahitaji mtu wa kuikalia. Chagueni mmoja abaki, na saa zake ziandikwe daftarini pamoja na mkaa. Muda huo nao ni gharama, japo hakuna anayeidai.

Sasa kikapu, maana hapa ndipo wengi hushindwa halafu wakasema "hakiivishi". Kikapu hakina moto wake. Kazi yake ni kuzuia joto lililokwisha kuingia kwenye sufuria lisitoke. Kwa hiyo ukuta wake uwe na kitu chenye hewa ndani (matambara, sufi, majani makavu ya mgomba yaliyochanwa) unene wa sentimita 7 hadi 10 pande zote, chini na juu. Kosa la kawaida ni mto wa juu kuwa mwembamba, na joto hupanda juu. Kosa la pili ni sufuria kubwa yenye chakula kidogo. Ijae angalau theluthi mbili. Kosa la tatu ni haraka: maharage yachemke kwa nguvu dakika 20 mfuniko ukiwa juu, ndipo yahamishwe moja kwa moja, bila kufunua kuonja. Huo uchemkaji si wa hiari. Maharage, hasa mekundu, yana sumu inayovunjika kwa kuchemka kweli kweli angalau dakika 10, na joto la kikapu peke yake haliivunji. Chumvi na nyanya zingoje mwisho. Uchachu wa nyanya hukaza ganda la maharage.

Kabla ya kufunga kikapu, tumbukizeni kipimajoto haraka kupitia upenyo mdogo wa mfuniko. Msishangae kikisoma 95 au 96 badala ya 100. Maeneo yenu yako juu ya usawa wa bahari kiasi cha kutosha kushusha kiwango cha kuchemka, na ndiyo maana maharage ya Arusha huchukua muda kuliko ya Tanga, na ndiyo maana jiko la presha huleta tofauti kubwa zaidi kwenu. Andikeni namba hiyo na saa. Sufuria mtaifungua saa 7.

Jiko la presha lenyewe: maharage na maji yasizidi nusu ya chungu, kwa sababu povu lake hupanda na kuziba tundu la mvuke. Mpira wa mfuniko utolewe uoshwe kila baada ya mapishi. Ukiacha mafuta yakauke hapo, mvuke utatoka pembeni na jiko litazunguka saa nzima bila kupata presha. Na angalieni waya. Jiko la wati 1,000 huvuta kama ampea 4 na nusu. Kwenye soketi ya ukutani ni sawa, kwenye ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu iliyochomekwa na pasi pia, plagi itayeyuka.

Neno moja kuhusu magadi, kwa sababu kwenu yapo kila jikoni. Ni kweli yanalainisha maharage na makande haraka. Lakini magadi ya ukanda wenu yana floridi, madini yanayotia meno ukahawia yakizidi, na nyinyi tayari mnainywa ya kutosha kwenye maji. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha hayahitaji magadi.

Nyumba ya tanki

Hapa kaeni zaidi ya kwingine, hata kama itabidi mpunguze muda wa sola. Usa River na sehemu kubwa ya Arumeru maji ya visima na chemchemi yana floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia mnayajua. Kuchemsha hakusaidii: vijidudu vinakufa, floridi inabaki, na kwa kuwa maji yamepungua kwa mvuke, floridi kwenye kikombe imeongezeka. Njia mbili ambazo kaya inaweza kumudu ni chujio la mkaa wa mifupa, ambalo kituo cha utafiti cha Ngurdoto hapo jirani yenu kimelifanyia kazi kwa miaka mingi, na maji ya mvua, ambayo kwa kawaida hayana floridi ya kutajika. Walio hatarini zaidi ni watoto wadogo, ambao meno yao ya utu uzima bado yanajijenga ndani ya ufizi.

Pimeni nyumba chini, ukuta kwa ukuta pamoja na pua ya bati, siyo kufuata mteremko wa bati. Tuseme mmepata mita 7 kwa 10, yaani mita za mraba 70. Milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita 1. Punguzeni sehemu ya tano kwa yanayorukia nje na kukauka. Mvua moja nzuri ya milimita 20 inawapa 70 × 20 × 0.8, yaani lita 1,120. Mvua tano za aina hiyo zinajaza tanki la lita 5,000 na kumwaga.

Sasa swali linalowakwamisha watu: "Tanki la lita 5,000 litanifikisha wapi?" Ukiogea na kufulia, halimalizi mwezi. Lakini familia ya watu watano inayotumia lita 30 kwa siku kwa kunywa na kupikia tu itatumia lita 4,500 kwa siku 150, yaani Juni hadi mwisho wa Oktoba. Maji ya mvua yawe ya mdomoni. Ya bomba yaoshe nguo, sakafu na ng'ombe. Hesabu hii ndiyo inayogeuza tanki kutoka anasa kuwa kitu cha kukopea vikoba, na kila mgeni aifanye kwa bati lake mwenyewe kabla hajatoka getini. Mwenyeji naye aonyeshe kimo chake cha Jumapili nne. Kama maji yameshuka kwa kasi kuliko hesabu, ama kuna anayefulia, ama koki inavuja.

Halafu mpande ngazi. Gata literemke sentimita 1 kwa kila mita, kwa hiyo gata la mita 10 ncha moja iwe chini ya nyingine kwa sentimita 10. Mwageni ndoo ya maji ncha ya mbali mwangalie. Yakituama katikati, vishikizo vimelegea. Viwe kila sentimita 60 hadi 90. Upana nao una kanuni rahisi: eneo la mdomo wa gata kwa sentimita za mraba lisipungue mita za mraba za bati linalolipokea. Bati la mita 35 upande mmoja linataka gata la sentimita za mraba 35 au zaidi.

Kifaa cha kutenga maji ya kwanza ndicho kinachodanganya wengi. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi husafisha bati: vumbi, kinyesi cha ndege, mijusi. Tengeni angalau nusu lita kwa kila mita ya mraba. Bati la mita 70 linataka lita 35. Mtakuta nyumba nyingi zimewekewa bomba la inchi 4 lenye urefu wa mita moja na kizibo chini, na mwenye nyumba ana amani. Bomba la inchi 4 linabeba kama lita 8 kwa mita. Anatenga robo tu ya uchafu, uliobaki anaunywa. Bomba la inchi 6 hubeba karibu lita 18 kwa mita, kwa hiyo mita 2 zinatosha; au unganisheni pipa dogo. Chini kuwe na tundu la kudondosha polepole, ukubwa wa msumari wa inchi 2, ili lijimwage kabla ya mvua inayofuata. Tundu hili huziba. Mwulizeni mwenyeji lilizibuliwa lini.

Tanki la lita 5,000 likijaa ni tani 5. Kitako kiwe cha zege juu ya udongo ulioshindiliwa, kitokeze sentimita 15 kuzunguka tanki, na kinyanyuke kiasi cha ndoo kuingia chini ya koki. Kitako cha tofali zilizopangwa bila zege hutitia upande mmoja, tanki linainama, shingo ya koki inapasuka. Koki isiwe kwenye sakafu kabisa ya tanki, iwe sentimita 5 hadi 10 juu, tope libaki chini. Bomba la kumwagia yaliyozidi liwe na unene uleule wa bomba la kuingizia, lifungwe wavu wa mbu, na lielekezwe mbali na msingi wa nyumba. Na maji haya, pamoja na yote hayo, yachemsheni au yatieni dawa ya kusafisha maji kabla ya kunywa.

Nyumba ya biogesi

Arusha mna bahati: CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia za vijijini, iko kwenu, na ndiyo iliyosimamia mpango wa taifa wa biogesi ya majumbani ulioanza 2009. Kwa hiyo mafundi waliofundishwa kujenga mtambo wa kuba lililozikwa ardhini wapo karibu. Mwombeni mmoja aje siku hiyo na bei yake ya leo, siyo bei aliyomtoza mwenyeji miaka sita iliyopita.

Hesabu ni hii. Kilo 1 ya samadi mbichi ya ng'ombe hutoa kama lita 40 za gesi. Ng'ombe wawili wa ndani wanawapa kilo 25 kwa siku za kukusanya bila taabu, zichanganywe na lita 25 za maji: gesi lita 1,000. Jiko moja hula lita 350 hadi 400 kwa saa. Hapo mna saa mbili na nusu za moto. Chai, ugali na mboga vinaingia. Maharage ya saa tatu hayaingii, na ndiyo sababu mtu mwenye biogesi bila kikapu hulalamika kwamba gesi haitoshi, akabaki na mafiga yake matatu nyuma ya nyumba. Dakika 20 za gesi na kikapu, maharage yameiva na gesi ya jioni imebaki. Mwambieni mwenyeji wenu.

Pimeni samadi ya asubuhi hiyo kwa mizani ya kuning'iniza, mbele ya wote. Mara nyingi mtakuta kilo 12 mahali ambapo mtambo umejengwa kwa 25. Ng'ombe mmoja aliuzwa kulipia ada, hakuna aliyerudisha hesabu, na mtaani ikasemwa "biogesi imekufa". Mtambo una njaa tu. Sababu nyingine za gesi kupungua: maji hayakuongezwa kiangazi, samadi imeingia ngumu kama udongo wa kufinyanga, nyasi na vipande vya mgomba vimeingia na kutengeneza utando juu, banda limeoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu na maji yake yakaelekezwa mtamboni, yakaua vijidudu vinavyotengeneza gesi. Na Juni hadi Agosti, baridi yenu nayo hupunguza. Huo ni msimu, haina haja ya fundi.

Moto uwe wa bluu na utulie. Ukiwa wa njano wenye masizi, matundu ya hewa kwenye jiko yamefungwa au yamejaa grisi. Ukirukaruka na kukohoa, kuna maji ndani ya bomba; fungueni koki ya kutolea maji, ambayo iwe sehemu ya chini kabisa ya bomba na isiwe imefukiwa. Maungio yapimwe kwa povu la sabuni, kamwe siyo kwa kiberiti, na ndani ya nyumba harufu ya mayai viza ikisikika fungueni milango kwanza, taa msiiguse.

Kisha nendeni kwenye tundu la kutokea, mkavute pumzi. Tope lililomeng'enywa vizuri halinuki samadi na halina nzi. Likinuka, linatoka kabla ya wakati: mnalisha maji mengi mno au mtambo ni mdogo. Tope hilo ni nusu ya faida ya mtambo. Likianikwa juani naitrojeni yake inaruka hewani. Liwekwe kivulini, lichanganywe na maji kiasi sawa, limwagwe kwenye udongo wa migomba na mboga, siyo kwenye majani.

Magunia na sola

Gunia la kilo 100 lina nguzo ya kokoto katikati. Chukueni kopo la rangi la lita 4 lililokatwa pande zote mbili, lisimamisheni ndani, lijazeni kokoto, zungushieni udongo, livuteni juu, mrudie mpaka mdomoni. Udongo ndoo 3, samadi iliyooza ndoo 1. Udongo wa mfinyanzi uongezewe mchanga. Matundu yapishane kwa sentimita 20, na hapo panaingia miche kama 30 ya sukuma wiki, spinachi au mnafu. Mwageni lita 10 kwenye kokoto polepole. Maji yakitoka chini kabla ndoo haijaisha, nguzo ni nene mno au udongo umetitia, na mistari ya katikati mtaikuta imenyauka wakati ya chini inaoza. Gunia la plastiki linalokaa juani huanza kuchanika baada ya mwaka mmoja hivi, kwa hiyo bei yake ni ya kila mwaka. Vidukari vikionekana chini ya majani, maji ya sabuni kidogo mara mbili kwa wiki yanatosha vikiwahiwa. Maji ya kuoshea vyombo yapelekeni kwenye shimo la migomba, mboga za majani msizipe.

Nyumba hii ni muhimu kwa wapangaji. Mpangaji hajengi tanki kwenye nyumba ya mtu, lakini gunia, kikapu na balbu za LED anahama navyo.

Kwenye sola, hesabu moja tu. Paneli ya wati 100 ikipata saa 4 za jua kamili, na mkipunguza upotevu, inatoa kama wati-saa 280. Taa nne za wati 7 kwa saa 4 ni 112, televisheni ya wati 40 kwa saa 3 ni 120, simu mbili 20: jumla 252. Imeenea, na hakuna nafasi ya pasi wala jiko la presha. Swali la kumwuliza mwenyeji ni la Julai, mawingu yanapokaa wiki nzima: taa zilikufa saa ngapi? Mwulizeni pia kivuli huangukia wapi saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Tawi la mparachichi likifunika kona moja ya paneli, umeme unashuka kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe. Betri ya madini ya risasi (aina ya ile ya gari) ikiwa imepumzika na inasoma chini ya volti 12.1, imetumika zaidi ya nusu, na ikifanyiwa hivyo kila usiku haitadumu. Betri ilipofungwa na namna ilivyofungwa msipige picha, wala msiziweke kwenye magrupu ya WhatsApp. Wezi nao wana simu.

Kurudi jikoni, saa 7

Msifungue kikapu kabla watu wote hawajafika. Toeni sufuria, tumbukizeni kipimajoto mara moja kupitia upenyo mdogo wa mfuniko, msome kwa sauti. Ikiwa juu ya 60 baada ya saa nne na ushei, kikapu ni kizima. Ikiwa chini ya hapo, maharage hayo yachemsheni upya vizuri kabla ya kula, kwa sababu chakula cha uvuguvugu ni uwanja wa bakteria, kisha mpapase mto wa juu mtafute joto linapotokea. Yaungeni yote matatu, wekeni bila kutaja lipi ni lipi, watu wale. Kisha mtu aandike ubaoni namba nne: mkaa kwa shilingi, mkaa na kikapu kwa shilingi, umeme kwa shilingi, na saa za yule aliyebaki.

Hapo ndipo daftari la vikoba lifunguliwe, kabla watu hawajaanza kutafuta viatu. Kila mmoja ataje kitu kimoja, bei aliyoisikia siku hiyo, na tarehe. Anayetaja kikapu hahitaji mkopo. Wanaotaja gata wakae pamoja na vipimo vya mabati yao, wajumlishe mita, wakanunue kwa pamoja dukani. Mita 60 zina bei tofauti na mita 10, na fundi mmoja akizunguka nyumba sita siku mbili mfululizo nauli yake mnagawana. Tanki linaweza kungoja. Gata likishakuwepo, hata mapipa mawili ya lita 200 yatavuna mvua ya kwanza, na mkopo wa tanki utaombwa na mtu aliyekwisha kuona maji yakimwagika.

Mvua za Novemba zikianza, teueni watatu wenye miavuli wapite kwenye nyumba zote zilizofungwa gata, mvua ikiwa inanyesha kweli. Nusu saa inatosha. Waangalie maji yanaruka wapi, kona ipi inavuja, kizibo kipi kimesahaulika, wamwonyeshe fundi kabla hajamaliziwa malipo yake.